Kutoka chukudu ya Kibumba hadi milima ya Liège, chini ya mvua

Siku ya posho tarehe 27 Aprili 2019, mwanaume mmoja wa miaka 41, mzaliwa wa Kibumba katika eneo la Nyiragongo, alikuwa amesimama pembeni ya mji wa Liège nchini Ubelgiji, kinga katikati ya miguu, akingojea zamu yake ya kuondoka. Mvua ilikuwa imeanza usiku na haikuwa na haraka ya kuisha. Mbele yake na nyuma yake kulikuwa watu wengi, wazee kwa vijana, wanaume kwa wanawake, wamevaa makoti mepesi ya mvua ya rangi zote. Kila mmoja alikuwa amelipa pesa ili awe pale.

Hilo la kulipa ndilo lililokuwa limeleta maneno katika jamaa yake kule Goma. Yeye mwenyewe anasema kwamba usiku ule hakulala vizuri, na si kwa ajili ya mvua.

Kwa wasiojua: Liège–Bastogne–Liège ni mashindano ya kinga yaliyoanza mwaka 1892. Kati ya yale makubwa matano ya siku moja huko Ulaya, hayo ndiyo yenye umri kuliko yote, na Wabelgiji wanayaita kwa heshima kama mtu anavyomtaja bibi mzee wa nyumba. Wanaolipwa mishahara kwa kazi hiyo hukimbia siku ya Mungu, mwisho wa Aprili. Siku moja kabla yao, watu wa kawaida wanaruhusiwa kupita njia zile zile, wapande vilima vile vile, bila zawadi wala mshindi. Ipo njia fupi, ipo ya kati ya karibu kilometa 150, ipo ndefu inayozidi 250. Yeye alichukua ya kati.

Mtu wa Goma akisikia "milima ya Ubelgiji" anaweza kucheka. Mahali palipo juu kuliko pote katika nchi ile panafika meta 694. Maji ya ziwa Kivu yenyewe yako karibu meta 1,460, maana yake mama anayefua nguo pale ziwani yuko juu mara mbili kuliko kilele cha Wabelgiji. Lakini ugumu wa kule Ardennes hauko katika urefu. Uko katika wingi. Unapanda kilima, unashuka hadi kwenye mto, unavuka daraja, na palepale kilima kingine kinaanza, na hakuna tambarare ya kupumzisha miguu. Halafu barabara zile ndogo hazikuchongwa kwa kuzunguka mlima taratibu. Zinapanda moja kwa moja, kama njia ya mbuzi iliyotiwa lami.

Huyu bwana anajua kupanda na kushuka tangu utoto. Alianza chukudu akiwa na miaka 15. Asubuhi na mapema walipakia mashu, karoti na viazi Kibumba, wakashuka hadi Goma kwenye barabara inayotoka Rutshuru, goti moja kwenye ubao, mguu mwingine unasukuma au unaning'inia, na jioni wakapanda tena na chukudu tupu, wakiisukuma. Asiyewahi kuona chukudu na aende kwenye ile rond-point ya Goma aangalie sanamu yake ya rangi ya dhahabu, lakini ajue kwamba sanamu haina freni. Freni ya kweli ni kipande cha mpira wa gari kilichofungwa juu ya gurudumu la nyuma. Unakikanyaga. Ikiwa kavu, inanusa kama inaungua. Ikiwa na mvua, kwanza hakuna kitu kinachotokea, na katika ile "kwanza" ndipo watu wanaumia.

Mudogo wake, yule aliyezaliwa wa mwisho, bado anafanya kazi hiyo.

Kufika kwake Ubelgiji ni hadithi ndefu ambayo haina nafasi hapa. Inatosha kusema kwamba anafanya kazi ya usiku kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege wa Liège, kwamba saa ile anatoka kazini hakuna basi, na kwamba mwenzake mmoja wa kazi, Mbelgiji anayekaribia pensheni, alimuuzia kinga yake ya zamani kwa euro 350, akizilipa kwa mafungu manne. Mwanzo ilikuwa ya kwenda na kurudi kazini. Baadaye yule mzee akaanza kumpitia siku za pumziko wafuate mto Ourthe, kisha vilima vidogo, kisha vikubwa. Mwezi wa kwanza wakajiandikisha pamoja.

Anasema kwamba hakumweleza mtu yeyote nyumbani. Hakuna aliyeuliza, na bei ya kitu katika euro haina njia nzuri ya kuelezwa Goma. Ukisema 350, kule wanasikia miezi ya nyumba, karo ya watoto, mabati. Na kusema kweli, hawakosei.

Mwezi wa tatu, mvua kubwa ilipoanza kunyesha Nyiragongo, mudogo wake alianguka kwenye mteremko karibu na Kibati. Mpira wa freni uliteleza. Chukudu ilitoka barabarani ikaingia kwenye mawe ya volkano, gurudumu la mbele likapasuka na ule mti wa usukani ukavunjika. Yeye alichanika mguu kutoka gotini hadi chini. Kaka mkubwa alituma pesa ya hospitali siku ileile, kwa simu. Wiki iliyofuata mudogo akaomba dola 100 za kuanza chukudu mpya, mbao na mipira. Akajibiwa angoje mwisho wa mwezi wa nne, mshahara utakapoingia.

Mambo yangeishia hapo. Lakini yule Mbelgiji alimpiga picha mbele ya nyumba yake, na kinga inang'aa, kaske kichwani, koti jipya, ile namba ya mashindano imefungwa mbele. Akamtumia binti mmoja wa jamaa anayeishi Brussels, kwa furaha tu. Binti akaiweka kwenye kundi la WhatsApp la jamaa nzima, na maua matano chini yake.

Usiku ule mudogo alituma sauti fupi: "Yaya, tumeona picha. Iyo kinga ni muzuri sana. Mungu akubariki." Baada ya hapo akanyamaza wiki mbili.

Angetukana, ingekuwa rahisi. Mtu akikutukana unamjibu. Kwa baraka utajibu nini?

Mama ndiye aliyepiga simu. Ana zaidi ya miaka 70, na miguu yake imebeba mashu mengi kuliko chukudu nyingi. Alitaka kuelewa jambo moja. "Baba, banasema unalipa franga juu ya kupanda mulima na kinga. Ni kweli?" Akajibu kwamba ni kweli. "Na mvula inanyesha?" Pengine itanyesha, mama. Mama akafikiri kidogo. "Na ni nani anakufukuza?"

Alijaribu kueleza kwamba pesa ya kujiandikisha aliilipa kabla ya ajali, kwamba hairudishwi, kwamba ni kiasi kidogo. Yote ilikuwa kweli na yote ilisikika kama udhuru. Kule Goma wako vijana wanaoshindana kwa kinga, na watu wanasimama kuwashangilia. Lakini mtu mzima wa chukudu, aliyepata bahati ya kutoka kwenye mteremko ule, arudi mwenyewe kuutafuta na alipe juu yake, hilo lina haki ya kuulizwa. Hata hivyo, mtu aliyesukuma tangu miaka 15 anaweza pia kutaka, angalau mara moja, kupanda mlima bila mzigo wa mtu mwingine nyuma yake. Naye ana haki yake.

Basi akaondoka pamoja na mzee wake kwenye mvua ile.

Saa mbili za kwanza zilikuwa za baridi tu. Maji yaliruka kutoka gurudumu la aliye mbele na kuingia mdomoni, yana mchanga na ladha ya mavi ya ng'ombe, maana kule ni nchi ya malisho. Viatu vilijaa. Kwenye mpando mrefu wa Rosier, zaidi ya kilometa nne katikati ya misitu, alipata joto na hata akaanza kufurahi. Miti ilikuwa inatoa majani mapya, kijani cha kuumiza macho, na mvuke ulikuwa unatoka kwenye migongo ya watu kama sufuria ya ugali. Mzee alipanda kando yake akimsimulia mwaka 1980, siku theluji ilipoanguka juu ya mashindano haya: walioondoka walikuwa 174, waliomaliza 21, na Mfaransa Bernard Hinault, aliyeshinda, alibaki na vidole vilivyoharibika kwa baridi. Ilikuwa njia yake mzee ya kutia moyo. Haikusaidia sana.

Kisha wakafika juu, na kushuka kukaanza.

Hapo anasimulia polepole. Kinga ile ya zamani ina freni za kubana chuma cha gurudumu. Zikilowa, unabana na hakuna kitu. Unahesabu moja, mbili, ndipo zinashika. Alipobana mara ya kwanza na kinga ikaendelea kukimbia kama hajagusa kitu, mwili wake uliijua ile hali kabla ya kichwa. Mguu wa kuume ulitoka kwenye pedali peke yake, ukatafuta nyuma kipande cha mpira cha kukanyaga. Mguu ulikuwa Kibumba. Karibu aanguke kwa sababu ya hiyo tu.

Watu walimpita kushoto, wengine wakimpigia kelele akae kando. Alishuka kama mtu aliyebeba mayai. Anasema kwamba hakuogopa mauti. Aliona ule mteremko wa Kibati na mawe meusi pembeni, na akaelewa kwamba mudogo wake alikuwa na ile hesabu ya moja, mbili, na haikumtosha, na kwamba yeye kama mkubwa hakuwahi kumuuliza ilikuwaje. Alituma pesa, akauliza mguu unaendeleaje, basi.

Chini mzee alikuwa anamngojea, midomo imekuwa ya buluu. Kwenye kituo cha chakula kulikuwa na machungwa, ndizi na zile keki zao za gaufre. Vidole vilikataa kumenya ndizi. Mama mmoja wa kituo aliimenya na kumlisha kama mtoto, bila kusema neno, akageuka kumenyea mwingine.

La Redoute inaanzia katika kijiji cha Remouchamps. Ni kama kilometa mbili, na kuna sehemu inayokaribia asilimia 20. Kwa anayetaka kupima: ni mpando ambao mtu wa chukudu yenye mzigo hawezi kuupanda peke yake, lazima akodishe vijana wawili wa kusukuma. Upande mmoja inapita barabara kubwa ya magari, E25, na malori yanapiga kelele hata huwezi kusikia pumzi yako. Chini kwenye lami watu wameandika kwa rangi nyeupe PHIL, PHIL, PHIL, mara nyingi sana, kwa ajili ya Philippe Gilbert, mwana wa kijiji kile, aliyeshinda mashindano haya mwaka 2011. Katika mvua rangi ile inateleza.

Alipofika sehemu kali, vitesi vilikuwa vimekwisha. Shene ilikuwa imelia tangu asubuhi, na sasa haikuwa na ndogo zaidi ya kushukia. Alipiga mapedali manne, matano, gurudumu la nyuma likateleza juu ya P kubwa, akaweka mguu chini.

Wengi walikuwa wameweka miguu chini. Wale wenye viatu maalumu, vyenye chuma chini ya nyayo, walikuwa wanateleza kama ng'ombe kwenye sementi, wengine wakipanda kwa upande. Yeye alikuwa na viatu vya kawaida vya kazini, kwa kukosa pesa ya vingine. Akashika usukani kwa mkono mmoja, kiti kwa mkono mwingine, akainama, kifua karibu na kinga, na kuanza kusukuma. Hakufikiri. Hatua fupi, mguu unakanyaga na vidole, mgongo hausimami hadi juu. Ndivyo alivyofundishwa, na mwalimu wake alikuwa njaa. Kinga ya kilo kumi, bila gunia hata moja, ilikuwa kama kusukuma mtoto wa shule.

Akampita mmoja, akampita wa pili. Akawapita wawili waliokuwa bado wanapedali wakiyumba huku na huku barabarani. Vijana waliosimama chini ya hema na bia wakamwona, wakaanza kumpigia makofi, mmoja akakimbia kando yake akipiga kengele ya ng'ombe. Pengine walikuwa wanamcheka. Hakujali. Alifika juu sekunde chache tu baada ya mzee wake, aliyekuwa amepanda yote juu ya kinga na hawezi kusema.

Pale juu alitoa simu. Alitaka kutuma sauti Goma. Lakini kioo kilikuwa kimelowa, vidole vimelowa, na simu ikakataa, ikafungua kitu kingine, ikapiga picha ya kiatu. Akairudisha mfukoni.

Vilima vilivyobaki havina mengi ya kusimuliwa. Roche-aux-Faucons, kilometa moja na kidogo, ni mkali hata kuliko Redoute kwa wastani wake. Aliipanda nusu kwenye kinga na nusu kwa miguu. Halafu kushuka kuelekea Liège, moja, mbili, moja, mbili.

Alipiga simu saa kumi na moja jioni, akiwa ndani ya gari la mzee, amevuliwa nguo zote za juu na kufunikwa blanketi la mbwa. Kule Goma pia ilikuwa saa kumi na moja, kwa sababu tangu mwisho wa mwezi wa tatu Ubelgiji husogeza saa zake na kulingana na zetu. Mudogo alipokea mara ya kwanza.

"Ulimaliza?"

"Nilimaliza."

"Ulisukuma?"

Kimya kidogo. "Nilisukuma. Pa nafasi moya nilisukuma yote."

Mudogo akacheka hadi akakohoa. "Sasa yaya, kama ni kusukuma, juu ya nini ulinunua kinga ya vitesi?"

Wakacheka wote wawili, na mzee naye akacheka bila kuelewa neno. Ndipo mkubwa akasema lile alilokuwa nalo tangu mteremko wa kwanza: kwamba freni zilikataa, kwamba mguu ulitafuta mpira nyuma, kwamba aliogopa. "Nikakukumbuka weye. Sikukuuliza ilikuwa namna gani."

Mudogo akamweleza. Alikuwa na nafasi ya kuruka mapema, chukudu iende peke yake. Watu wote wa chukudu wanajua kuruka. Lakini juu kulikuwa na karoti za mama mmoja mchuuzi wa soko, magunia manne, na zilikuwa za mkopo. Akang'ang'ania kuuelekeza mti wa usukani hadi mwisho. Mguu uliumia kwa sababu hiyo. Karoti zilimwagika vilevile, watoto wakaziokota, na tangu mwezi wa tatu yule mama anakuja nyumbani kila siku ya Mungu baada ya misa, anakaa kwenye kiti, hasemi kitu, anaondoka. Dola 100 hazikuwa za mbao peke yake.

"Juu ya nini haukusema?"

"Yaya, ulikuwa umeisha kutuma ya hospitali. Nitalomba mara ngapi?"

Mzee akawasha gari. Kioo cha mbele kilikuwa kimejaa ukungu, na walikaa pale muda mrefu wakingoja kitakate.

Kesho yake mkubwa alikuwa na homa, akaangalia mashindano ya wenye mishahara kwenye televisheni, chini ya blanketi. Jakob Fuglsang wa Denmark alishambulia kwenye Roche-aux-Faucons, baadaye akabaki peke yake mbele na akashinda. Lakini kabla ya kufika Liège, katika ule mteremko wa mwisho uliolowa, gurudumu lake la nyuma lilichomoka upande, na mguu wake ukatoka kwenye pedali. Sekunde moja hivi, kisha kinga ikarudi kusimama. Mke wake huyu bwana alitoka jikoni mbio kwa sababu ya kelele alizozipiga.

Mwisho wa mwezi alituma dola 150. Kinga hakuiuza, na kwenye kundi la jamaa kuna shangazi mmoja ambaye bado anaona angeiuza. Mama naye hajajibiwa swali lake, na analirudia kila wanapoongea. Mchuuzi wa karoti amelipwa nusu, sasa anakuja mara moja kwa wiki mbili, na siku hizi anakunywa chai.

Chukudu mpya ni ya kalitusi. Fundi alichukua wiki tatu kuichonga. Mudogo alikuwa ameomba kitu kimoja zaidi, vile vipande vya mpira vya freni ya kinga ya Ubelgiji, ajaribu kuona kama vinashika kuliko mpira wa gari. Vilifika kwa mkono wa msafiri mmoja, vinne ndani ya karatasi. Kila kimoja ni kidogo kama kidole cha mwisho. Kwa gurudumu la mbao havina kazi. Amevipigilia misumari juu ya usukani, viwili kila upande, na siku ya pili alishuka navyo Goma na magunia matatu ya mashu, freni yake ikiwa kipande cha mpira wa lori, kipya, kinene, alichokikata mwenyewe.